Masanduku Manane, Amplifaya Moja

Duka la Redio la Abdulrahman na Mwanawe,
Kibuye, Kisumu.
6 Machi 1988

Kwa mdogo wangu Safia,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na watoto. Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Saumu ana kikohozi kidogo, na mimi ni mzima isipokuwa roho, ambayo imechafuka tangu Alhamisi. Mumeo msalimie pia, kama ana nafasi ya kusalimiwa.

Alhamisi Mama Nabututu, yule anayenunua omena huko kwenu na kuziuza hapa sokoni, alinitulia mezani amplifaya ya marehemu Mzee wetu ikiwa ndani ya gunia. Wateja wawili walikuwa wamekaa. Harufu ya omena waliivumilia, kwa kuwa ni watu wa hapa. Lakini ile harufu nyingine, ya kuungua, waliijua pia, na mmoja akasema, "Hiyo imekufa, fundi." Ilikuwa imekufa kweli. Transista zote nne zimepasuka kama mahindi ya kukaanga.

Nikatafuta fyuzi, maana fyuzi iliwekwa ife yenyewe kabla ya vitu vya maana kufa. Unajua nilichokuta? Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringishwa vizuri kwa mikono ya mtu mvumilivu. Mumeo hana subira ya kusoma, lakini ya kuviringisha karatasi anayo. Huyu ndiye mtu aliyesilimu akakuoa, akapewa jina la Daudi ambalo hakuna mtu Asembo Bay anayelijua, huko ni Dishon tu. Jina lilimshinda, fyuzi itamweza vipi?

Nitaeleza mara moja, nawe umsomee polepole. Sanduku lake moja la spika lina ohm nane. Ukiyafunga mawili ubavu kwa ubavu, zinabaki ohm nne. Ukifunga matatu, mbili na ushee. Ukifunga manne, mbili. Masanduku yanaongezeka, ohm zinapungua, na hapo ndipo kichwa chake kinapokwama. Afikirie pampu ya maji na mifereji. Kila mfereji unaoufungua, maji yanapata njia rahisi zaidi na pampu inahangaika zaidi. Amplifaya ndiyo pampu. Mzee aliijenga kwa mikono yake, wati mia mbili, na akasema isishushwe chini ya ohm nne. Mara ya kwanza Dishon alifunga masanduku matatu ikaungua. Safari hii, kwa akili zake, amefunga manne.

Mzee alikuwa fundi, Safia. Alipofunga zile honi za Maulidi pale uwanjani Kaloleni, watu walisikia kasida mpaka ng'ambo ya reli. Wewe ulikuwa mtoto wa kumshikia waya, labda umesahau. Kazi ya mtu kama yule haifai kuzikwa ndani ya gunia la omena.

Nimeitengeneza. Lakini kumbuka maneno yaliyosemwa mbele ya Ami Faraji siku ya arobaini ya Mzee: duka langu, amplifaya yako, na ikiungua mara tatu inarudi dukani. Hii ni ya pili.

Wasalaam,
Kaka yako,
Abeid.


Asembo Bay,
2 Aprili 1988

Kwa Kaka Abeid,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima, alhamdulillah. Kwa kikohozi chake, wifi apewe tangawizi na asali. Habiba ameota meno mawili ya mbele na sasa anauma kila kitu, hata gitaa la baba yake.

Ahsante kwa kuitengeneza. Matusi nayo yamefika salama, hakuna hata moja lililopotea njiani.

Ile karatasi ya sigara ni kosa, nimemwambia Dishon mbele ya bendi nzima na ameniitikia. Lakini kaka, wewe umekaa Kibuye na hujui huku watu wanavyochagua bendi. Kamati ya matanga haiji kusikiliza. Inamtuma katibu wake na daftari, anasimama barabarani, anahesabu masanduku. Bendi ya masanduku mawili inaambiwa ikapigie watoto wa shule. Shitanda wa Butere anakuja na manane, muziki wake ni kelele za bati, lakini yanapangwa manne juu ya manne na watu wanasema huyu ndiye mwanamume. Dishon aliniambia hivi: "Safia, hiyo maneno ya ohm mimi sijui. Mimi najua watu wanahesabu boksi."

Sasa na sisi tuna manane. Kuna baa imefungwa Bondo na mwenyewe alitupatia masanduku yake yote, badala ya miezi ambayo Dishon alimpigia bila kupewa kitu. Yote ni ya ohm nane, spika moja kila sanduku, za wati sitini.

Mwezi wa nane ni ukumbusho wa marehemu mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. Watakuja watu kutoka pwani yote ya ziwa. Bendi itakayopiga pale ndiyo itakayoitwa mwaka mzima, na kamati imeshasema: bila masanduku manane, msije. Tukikosa, bendi imekwisha. Tukiyapachika yote ovyo, amplifaya inakwisha na wewe unaichukua.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, fundi mwana wa fundi, swali moja tu. Je, kuna namna ya kuyafunga yote manane bila kuiua?

Dada yako,
Safia.


Kibuye, Kisumu.
17 Aprili 1988

Kwa Safia,

Assalaam aleikum. Hatujambo. Tangawizi imesaidia, Saumu anakushukuru. Mfalme wa masanduku hajambo?

Hakuna namna. Masanduku mawili, ohm nne, basi. Umri wangu wote nimeshika pasi ya lehemu, siwezi kufundishwa hesabu na katibu wa matanga anayehesabu mbao kutoka barabarani.

Kama watu wenu wanataka kuona manane, waonyesheni manane. Pachikeni mawili, na yale sita yasimame hapo kimya kama wageni waalikwa. Nani atajua? Watu wanaochagua muziki kwa macho hawana haja ya masikio. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini kwa Dishon naona hata kuvuma litashindwa.

Na wewe nakushangaa. Mtoto wa Mzee Abdulrahman leo anaandika barua kuuliza habari za masanduku ya baa. Ungemwachia mumeo maswali ya mumeo. Ulipokuwa dukani hapa ulikuwa unafagia vipande vya waya na kupika chai, na chai yako ilikuwa nzuri.

Kaka yako,
Abeid.


Asembo Bay,
20 Juni 1988

Kwa Kaka Abeid,

Salaam nyingi. Watoto ni wazima. Mimi mwenyewe nina afya, lakini nina hasira, na nimeisubiri siku tisa ipungue ndipo niandike. Haikupungua.

Ushauri wako tuliufuata. Dishon aliupenda sana, akasema, "Shemeji ana akili, aki!" Tukaenda matanga ya mzee mmoja karibu na Ndori na masanduku manane, mawili yanaimba, sita bubu. Katibu akahesabu, akaandika, akatushika mikono. Tukapanga manne juu ya manne. Kwa nusu saa tulikuwa watu.

Shitanda naye alikuwapo. Alialikwa kula tu, lakini mtu yule hali bila kuchunguza. Akapita mbele ya masanduku akiweka kiganja juu ya kila spika. La kwanza linatetemeka. La pili linatetemeka. La tatu kimya, la nne kimya, mpaka la mwisho. Akageuka akawaambia watu kwa sauti, "Jameni, kumbe hapa leo tunazika saba!"

Watu walikuwa bado wanajiuliza kama ni halali kucheka. Ndipo kuku wetu akatoka nyuma ya sanduku la sita. Mbao ya nyuma ilikuwa imelegea, naye alikuwa ametagia humo ndani, na hakuna aliyemwona tulipopakia. Alitoka taratibu, akasimama mbele ya kipaza sauti, akalia kama kuku anavyolia akitaga. Kaka, mjane alicheka. Mjane mwenyewe, na kitambaa chake kichwani, alicheka mpaka akashikwa mabega.

Dishon kwa aibu akafungua sauti mpaka mwisho. Dakika kumi tu, spika moja kati ya yale mawili yako ikaungua koili. Na haki yake iungue: wati mia mbili kwa masanduku mawili ni mia kila moja, na nilikuandikia wazi kwamba ni spika za wati sitini. Ulisoma, au ulikuwa unatafuta pa kutia tusi?

Huku sasa watoto wakimwona Dishon njiani wanalia kama kuku. Ameapa kwamba kwenye ukumbusho wa mwenyekiti atapachika yote manane ubavu kwa ubavu, iungue au isiungue, angalau wasikie wimbo mmoja. Najua itaungua kabla ya wimbo kufika kati. Ni kitu pekee nilichopewa na baba yangu. Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu. Kuna namna?

Dada yako,
Safia.


Kibuye, Kisumu.
29 Juni 1988

Kwa Safia,

Assalaam aleikum. Tuko salama, na tumecheka pia, Mungu atusamehe. Saumu aliomba nimsomee pale pa kuku mara mbili. Mama Nabututu amekwisha kuieneza hadithi hiyo soko zima, na jana fundi wa viatu aliniuliza kama tunauza pia mayai.

Swali lako lina jibu lile lile. Mwache apachike manane. Ohm moja! Mwambie asisahau karatasi yake ya sigara. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nimechoka kumtilia mtu dawa kwenye sikio lililojaa nta.

Nimemwita Wanyonyi seremala, amenitengenezea rafu ya mvule ukutani, juu ya meza, pale kila mteja anapoangalia akiingia. Nimepima mwenyewe urefu na kina. Amplifaya itakaa hapo, safi, na hakuna mpiga besi atakayeigusa tena. Ikiungua, itume haraka, na safari hii tafadhali isiwe ndani ya gunia la omena.

Kaka yako,
Abeid.


Kibuye, Kisumu.
25 Septemba 1988

Kwa Safia,

Assalaam aleikum. Natumaini mko wazima. Huku tu wazima, mvua zimeanza na duka linavuja upande wa mlango. Hujaandika tangu Juni. Ukumbusho umepita mwezi mzima na gunia sijaliona.

Mama Nabututu amenijia na hadithi. Anasema alikuwako huko, na masanduku yote manane yaliimba tangu saa nne asubuhi mpaka jua likazama, na kwamba besi ilikuwa inatetemesha vikombe vya chai mezani. Anasema Shitanda alipita tena na kiganja chake, akafika sanduku la nane, akaenda zake. Nilimwambia mama wa omena asinifundishe mambo ya sauti. Akaniambia, "Fundi, mimi sijui sauti, lakini niliona kikombe."

Bila shaka mumeo ameazima amplifaya ya mtu. Au amepata kijana wa Bondo mwenye cheti, mmoja wa hawa wanaojua kuandika neno transista na hawajui kuishika. Kama ni hivyo, mwambie kijana huyo kwamba bahati si ufundi, na kwamba kifaa kile kina mwenyewe anayekijua. Niambie jina lake, nimwandikie mimi.

Rafu ipo tayari. Imeanza kushika vumbi, lakini ipo.

Kaka yako,
Abeid.


Asembo Bay,
14 Oktoba 1988

Kwa Kaka Abeid,

Waaleikum salaam. Watoto hawajambo, Habiba anatembea. Dishon ni mzima na anaitwa kila Jumamosi, mpaka mwezi wa pili nafasi zimejaa. Kuku naye ni mzima.

Kijana wa Bondo hayupo. Ni mimi.

Nilipoipata barua yako ya rafu niliisoma jikoni, nikaikunja, nikaenda Kisumu kesho yake. Pale Kibuye, kwenye vitu vya mitumba, nilinunua spika moja ya ohm nane badala ya ile iliyoungua, na mita ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Nilinunua nikiwa nimesimama hatua thelathini kutoka mlango wako. Ulikuwa unamfokea mzee mmoja kwamba ameweka betri kichwa chini. Mzee alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama watu wanavyomtabasamia mtu anayewafaa lakini hawampendi. Niliiona rafu yako. Kweli Wanyonyi anajua kazi. Sikuingia.

Sasa sikiliza, nitaeleza mara moja, na ujisomee polepole. Nilichukua masanduku mawili nikayafunga mkia kwa kichwa. Waya unatoka kwa amplifaya, unaingia la kwanza, unatoka, unaingia la pili, ndipo unarudi. Nane na nane, kumi na sita. Nikafanya jozi nne za namna hiyo, kisha zile jozi nne nikazifunga ubavu kwa ubavu. Jozi moja ohm kumi na sita, mbili nane, tatu tano na ushee, nne ohm nne. Zile zile nne za Mzee, kaka, na masanduku manane yote yanaimba. Na wati mia mbili zikigawanywa kwa manane ni ishirini na tano kila moja, kwa hiyo hakuna spika inayolemewa.

Kabla ya kupachika, niligusisha betri ya tochi kwenye kila spika nione kama koni inaruka nje au inarudi ndani, ili zote zisukume pamoja. Mbili zilikuwa kinyume, nikazigeuza. Mita ilisoma tatu na kidogo, na sikutishika, kwa sababu Mzee alisema mita husoma chini kidogo ya ohm zenyewe. Fyuzi nilitia fyuzi. Dishon alikuwa amekaa juu ya ndoo ananiangalia. "Nyar Kisumo," akasema, ndivyo anavyoniita, binti wa Kisumu, "waya yote hii ni ya nini? Si tupachike tu?" Nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Ndiyo tofauti yake na wewe. Hajui, lakini ukimwambia hajui, anasogea upate nafasi ya kufanya kazi. Alipogusa waya ule mnene wa gitaa lake akaweka mkono tumboni, akasema, "Hii kitu inaguruma mpaka ndani!" Nilikaa chini nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Unadhani nilivumbua? Sikuvumbua kitu. Nilikumbuka tu. Uwanja wa Kaloleni, siku ya Maulidi, nina miaka kumi na mmoja, Mzee amenipa ncha za waya nishike, ananiambia, "Hii na hii ndugu wawili, washikane mikono. Hawa ndugu wakimaliza, ndipo tuwapange na wenzao." Honi za ohm nane, amplifaya hii hii. Mimi chini nashika. Na juu ya ngazi, anayefunga kila jozi kama Mzee anavyosema, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye shati la buluu, alikuwa wewe.

Ulijua. Mara ya kwanza nilipouliza ulijua, na mara ya pili ulijua. Ulimwacha mume wangu achekwe na mjane. Ulipima rafu. Ungeniambia kwa mistari mitatu, na badala yake ulitumia kurasa kunieleza kwamba mwanamume niliyemchagua ni mjinga, ukisubiri baba yetu aungue mara ya tatu ili umweke ukutani kama saa. Mimi Dishon simwonei haya tena. Wewe ndiye ninayekuonea haya, na nimechoka kukuonea haya.

Amplifaya hairudi. Usiniandikie kunisalimia, wala kuniuliza habari za watoto, wala kuniambia mvua zimeanza. Nina swali la tatu, ingawa nilisema sitauliza. Ukiwa na jibu lake, andika. Huna, kaa na rafu yako.

Honi za Maulidi zilikuwa ngapi?

Dada yako,
Safia.


Kibuye, Kisumu.
11 Februari 1990

Safia,

Rafu nimeibomoa.

Zilikuwa nane.

Kaka yako,
Abeid.